Mama Mkwe Chini ya Mnara

Vijana wa ghala la mafuta wameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi kabla sijasahau. Nimewajibu kwamba kusahau bado, ila subira imepungua, kwa hiyo wasome upesi. Vyeo sitavizungumzia, na mshahara mnaujua wenyewe kwa kuwa nanyi mnalalamika ule ule. Nitazungumzia jambo moja tu nililolifanya tangu ujana hadi juzi nilipokabidhi kofia: kuhakikisha kilichoko juu kinabaki juu.

Kazi hii haina shukrani. Mwashi anaonyesha nyumba, dereva anaonyesha mzigo uliofika. Mimi nionyeshe nini? Nyundo ambayo haikumwangukia mtu? Nikienda kwetu Isongole wakaniuliza nilikuwa nafanya nini huko kwenye mafuta, nikisema nilikuwa nazuia vitu visianguke, wanatazama juu kwa adabu, hawaoni kitu, wananiongezea chai.

Nilianzia bondeni, upande wa Rukwa, miaka ile ya ruksa ambapo sabuni ilikuwa imeanza kurudi madukani na kila mtu anajaribu bahati yake. Kampuni moja ya kigeni ilikuja kutafuta mafuta, ikasimamisha mnara wa chuma katikati ya mbuga, mrefu kuliko mnara wa kanisa lolote nililopata kuliona. Mimi ni mtu wa milima ya Ileje, na joto la bonde lilinivua sweta kabla sijafika kambini. Walipouliza nani anaweza kupanda juu, wenzangu wote walirudi nyuma kidogo. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kiatu. Nilipoinuka nikakuta nimeshapewa mkanda.

Aliyenipokea alikuwa Fundi Athumani, mtu wa Tanga, aliyefanya kazi za winchi bandarini kabla ya kufuata lori la ndugu yake lililokuwa likienda Zambia na kukwama Tunduma. Alikuwa mfupi, mpole wa sauti, na macho yake yalikuwa juu muda wote, hata akila. Siku ya kwanza aliniwekea mbele beseni la bluu.

"Mfukoni una nini?"

"Sina kitu, Fundi."

"Basi toa hicho usichokuwa nacho."

Nikatoa kitana, funguo, nusu ya muhindi wa kuchoma, na kipande cha sabuni nilichokuwa natembea nacho kwa kuogopa wezi wa kambini. Fundi aliiokota ile sabuni akaipima mkononi.

"Hii ikitoka kule juu," akasema, "inamwosha mtu mara moja tu, na sanda inafuata."

Kila aliyepanda alipitia kwenye beseni. Tulikuwa na mchomeleaji mmoja mwenye jino la bandia lililolegea. Fundi akamtaka aliache chini. Akakataa, akisema bila jino hawezi kupiga mluzi wa kumwita mtu wa winchi. Wakajadiliana asubuhi nzima, na mwisho wakaafikiana: akawa anapanda na jino lake limefungwa uzi wa kushonea viatu mpaka kwenye kifungo cha shati. Hakuna aliyemcheka, maana kucheka ukiwa juu Fundi alikupiga marufuku.

Spana ilikuwa na kamba yake, nyundo na kamba yake, na kila nati ilikuwa na pini ya kuizuia isijifungue kwa mtetemo wa mashine. Lakini Fundi hakuziamini pini. Alinifundisha kusalimia nati. Unapopanda, unaigusa kila moja kwa kidole, unaisukuma kidogo. Ikikaa kimya, ni nzima. Ikicheza, imekujibu kwamba inaumwa, na humwachi mgonjwa ukaenda kunywa chai. Mpaka leo nikipita kwenye geti la mtu naligusa bawaba. Mke wangu amechoka kuwaeleza majirani.

Juu tukawa tumepadhibiti. Tatizo likawa chini. Kwa kawaida mtu hatakiwi kupita chini ya mnara pasipo shughuli, kwa hiyo Fundi alizungushia kamba yenye vitambaa vyekundu. Watu wakaikata vipande wakafungia mbuzi. Akazungushia nyingine, wakawa wanairuka kwa kuwa njia ya mkato ya kwenda kwenye chakula ilipita hapo hapo. Kofia ngumu tulizogawiwa nazo zilikuwa na safari zake. Wakati wa mavuno ungeweza kuikuta kofia ya kampuni mnadani Itaka ikipimia maharage. Msimamizi wetu wa Kizungu alisimama kila asubuhi akituhutubia kuhusu fuvu la kichwa. Tulimsikiliza vizuri sana, kisha tukairuka kamba.

Wakati huo nilikuwa nimeoa. Mke wangu, Edina, ni Mnamwanga wa kijiji kilichokuwa jirani na kambi, na si mimi tu: karibu nusu ya kundi letu tulikuwa tumeoa kijiji hicho, wengi kwenye ukoo ule ule. Sasa, kwa wasiojua, kwetu milimani na kwao bondeni jambo hili hatutofautiani. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawasemeshani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia porini, yeye anajifunika kitenge. Na jina lake hulitaji, hata ukiwa peke yako shambani. Hali hiyo inadumu mpaka siku atakayoamua mwenyewe kukufungulia mlango, akupikie kuku na kukukaribisha kwake kama mtoto. Wapo wanaofunguliwa mapema. Mimi nilikuwa bado, na sikuwa na haraka, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa na sifa ya kutokuwa na haraka.

Fundi Athumani, bila kujua lolote kati ya hayo, akaajiri mpishi wa chai. Akamchagua mama mmoja mtu mzima, msafi, mwenye mihogo ya kuchemsha isiyo na kifani, akamweka kwenye kona ya ile kamba yenye vitambaa vyekundu. Siku hiyo hiyo hakuna mtu aliyepita chini ya mnara. Wala kesho yake. Watu waliokuwa wakiruka kamba mchana na asubuhi wakawa wanazunguka nyuma ya matangi, kwenye tope, wameinamisha vichwa.

"Kuna nini?" Fundi akaniuliza. "Wiki nzima mnanirukia kamba, leo mnapita kwenye matope mpaka magotini?"

"Fundi, yule mama ni mkwe wangu."

"Nakupa hongera. Na hawa wengine?"

"Ni mkwe wao pia. Wameoa kwa dada zake, na kwetu mama mdogo ni mama."

Akakaa chini, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha nikaona anafikiri. Jioni ile alimtafutia yule mama kiti kizuri zaidi. Msimamizi wetu alipoona eneo la hatari liko tupu alifurahi mno, akaamini ni kazi ya vile vitambaa vyekundu, na akaagiza vingine vingi. Hatukumrekebisha. Vilikuja vitambaa vya kutosha kushonea sare za kwaya, na nasikia vilishonewa.

Ila ulinzi ule ulikuwa na kasoro, na wa kwanza kuiona nilikuwa mimi niliyekuwa juu. Kila mama alipoinua uso kutazama mawingu, mimi nilijificha nyuma ya nondo za mnara. Fundi aliniona akaniita chini. "Mtu anayecheza kujificha kule juu," akasema, "siku moja atapatikana huku chini." Halafu kukawa na suala la kivuli. Bondeni jua halina utani, na kivuli pekee kilichokuwepo ni cha mnara wenyewe. Kivuli kikisogea, mama naye alisogeza jiko lake, kidogo kidogo, mpaka siku moja nikamwona yuko ndani kabisa ya kamba, chini ya mnara, amestarehe. Nani amwambie atoke? Sisi sote tulikuwa wakwe. Fundi ndiye aliyekuwa akimwambia, na kila alipomwambia alitoka kwa heshima, na kila Fundi alipogeuka alirudi kwa heshima ile ile.

Ikafika Ijumaa moja Fundi amepanda Tunduma kuswali na kutafuta waya wa kufungia. Mashine ilikuwa imezimwa kwa matengenezo, pametulia, unasikia hata ndege. Nikapanda kusalimia nati. Karibu na kilele kulikuwa na pingu ya chuma, ile ya kuunganishia minyororo ya kapi. Nilipoigusa nati yake, haikucheza. Haikuwepo. Pini ilikuwa imekatika, nati imekwenda nisikokujua, na bolti ilikuwa inachomoka taratibu. Nikaidaka pingu kwa mkono mmoja. Ilikuwa na uzito wa mbuzi mchanga aliyeshiba. Mkono wa pili ulikuwa umeshika mnara, na fundo la kamba halifungwi kwa meno. Nikatazama chini. Moja kwa moja chini ya mkono wangu palikuwa na jiko, sufuria kubwa ya chai, na kilemba cha mama mkwe wangu.

"Ondokeni chini!" nikapiga kelele. "Kinaanguka!"

Watu walitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Mama hakutawanyika. Alisikia sauti ya mkwe wake kutoka juu, akafanya kile ambacho mwanamke mwenye adabu hufanya: akajifunika kitenge usoni, akainama, akatulia. Nikapiga kelele tena. Akainama zaidi. Ndipo nilipoelewa kwamba kadiri ninavyopiga kelele ndivyo anavyozidi kukaa.

"Mwondoeni mama!" nikawaambia wenzangu.

Chini walitazamana. Kila mmoja alikuwa mkwe. Hatimaye yule mchomeleaji alijitoa mhanga. Akasogea hadi kwenye kamba, akampa mama mgongo, akaisemesha sufuria.

"Wewe sufuria," akasema kwa upole, "hapo ulipo si pazuri. Ungesogea."

Sauti ikatoka ndani ya kitenge. "Sufuria, mwambie chai bado haijachemka, mukwai," ikamalizia kwa neno lao la heshima.

Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Niliogopa. Nilimwona mama wa mke wangu akiwa maiti, tena kwa kitu kilichotoka mkononi mwangu, na niliona mlango wa kuondoka hapo ni mmoja tu na nimekatazwa kuugusa. Nikaugusa.

"Nawale!" nikaita kwa sauti yangu yote. "Nawale, toka hapo!"

Hata sasa nikiandika jina hilo kalamu inasita. Kule chini watu waliganda. Mchomeleaji alifumbua mdomo, na jino likaning'inia kwenye uzi. Mama akainuka kama aliyechomwa na msumari, kitenge kikaanguka, akainua uso akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nimpose mtoto wake. Sikujificha, sikuwa na mkono wa kujifichia. Alikiokota kitenge chake, akageuka, akatoka nje ya kamba bila kukimbia, kichwa juu, anaelekea kwake. Alipovuka tu vile vitambaa vyekundu mkono wangu ukaachia. Chai iliruka hadi kwenye matangi. Sufuria iligeuka sinia.

Nilishuka nikiwa na furaha kwamba hakufa na nikijua kwamba sina mke. Na kweli, nilipofika kwenye kibanda chetu Edina hakuwepo, wala fungu lake la nguo. Jirani akaniambia kaka zake wamemchukua. "Wamesema umemtukana mama yao mbele ya wakwe wote," akasema. "Wanasema afadhali ungempiga jiwe." Nilikaa kitandani nikalia, sitaficha. Edina ndiye mtu pekee bonde zima aliyenicheka nikiwa na makosa na akanicheka vile vile nikiwa sina.

Fundi aliporudi alisikiliza habari yote, na swali lake la kwanza likawa, "Pini ilikatikia wapi?" Nikamwonyesha. La pili likawa, "Sufuria iko wapi?" Asubuhi akavaa kanzu na kofia, akaichukua ile sufuria iliyobonyea chini ya kwapa, nami nikabeba pingu, tukaenda ukweni.

Tuliwakuta wazee wamekaa uani, mjomba wa Edina akiwa katikati. Edina alikuwa kibarazani, hanitazami. Mama alikuwa ndani ya nyumba ya jikoni, mlango umerudishwa. Mjomba akaanza. Alieleza adabu ni nini, watu wa milimani wana upungufu gani, na hasara ya kuozesha kwa mtu anayefanya kazi ya kupanda panda kama nyani. Alizungumza kwa kirefu na, niseme ukweli, alizungumza vizuri. Alipomaliza Fundi akaomba nafasi.

"Wazee wangu," akasema, "mimi ni mtu wa Tanga, mila zenu nazijua juu juu. Nilizitumia kulinda kamba yangu bila kuwaomba ruhusa, na hilo kosa ni langu. Kijana huyu nimemleta. Na hiki nacho nimekileta." Akaiweka sufuria chini, mbele ya mjomba. Ilikuwa bapa, na alama ya pingu katikati. "Hiki ndicho kichwa cha dada yako, mzee wangu, kama kijana angekuwa na adabu."

Mjomba aliinama, akaipapasa sufuria. Akaiomba pingu, nikampa kwa mikono miwili, akaipima uzito wake, akamkabidhi wa pili, wa pili akamkabidhi wa tatu. Edina alikuwa ameinua uso. Kisha sauti ikatoka nyuma ya mlango wa jikoni.

"Mwambieni mkwe, hiyo sufuria ilikuwa mpya."

"Amesikia," mjomba akajibu.

"Na mwambieni, siku nyingine aanze na jina. Hayo maneno mengine yalimpotezea wakati."

Wazee wakatazamana. Mjomba akakohoa. "Dada, sasa tunafanyaje? Tunamtoza?"

"Tozeni mkitaka. Kuku yuko motoni tangu mlipoanza kusema, na mkiendelea ataungua."

Ndivyo nilivyofunguliwa mlango. Nilikula lile paja la kuku nikiwa nimelowa jasho, Edina amekaa pembeni yangu, na tuliondoka pamoja. Tangu hapo mama aliweza kunisalimia na kunipa maji ya kunawa. Lakini jina langu hakulitaja. Aliniita mkwe, baadaye akaniita baba wa wajukuu. Mlango alikuwa ameufungua, ila si madirisha.

Jiko tulilihamisha, Fundi akamjengea kibanda chenye kivuli chake mwenyewe. Na sheria ikawekwa pale mnarani ambayo niliibeba kila nilikokwenda: hupandi juu kabla hujayajua majina ya wote walioko chini. Ukisema "jamani," kila mtu anadhani ni jamani mwingine. Taja jina kwanza, adabu itafuata ikiwa bado kuna mtu wa kumfanyia.

Mafuta hayakupatikana. Walichimba, wakapima, wakaziba shimo kwa saruji, wakafungasha mnara wao wakaondoka. Nikaingia ghalani Tunduma, ambako malori ya mafuta ya kwenda Zambia na Kongo yanajaza, na watu wanapanda juu ya matangi na spana, vifuniko, na miaka hii ya karibuni simu. Beseni la bluu Fundi aliniachia, na ndilo hilo lililoko getini, mnalolitemea maganda ya karanga mkidhani sioni. Fundi mwenyewe alirudi Tanga akafia huko kitandani, mzee, hakuna kilichomwangukia. Nadhani angependa niandike hivyo.

Mlinifanyia sherehe ya kuniaga. Wengi mlikuwepo, lakini mlikuwa mnatazama chakula, kwa hiyo nitawaeleza mlichokosa. Meza kuu ilikuwa chini ya turubai, na juu yake, kwenye nguzo, fundi muziki alikuwa ametundika spika kubwa. Mkuu wa ghala alikuwa amesimama anasoma sifa zangu za usalama. Mimi nilikuwa nimekaa nikisikiliza, macho chini, kwa mara ya kwanza maishani, kwa kuwa mtu anaposifiwa hatazami juu. Mama mkwe alikuwa mstari wa mbele karibu na Edina, mzee sana sasa, fimbo mkononi, amejifunika mtandio.

"Ambakisye!"

Jina langu. Sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu nimjue. Nilikuwa nimeshasimama na kutoka pale kabla hata hajamalizia, "Toka hapo!" Mkuu wa ghala naye, bila kujua kwa nini, alinifuata na karatasi zake.

Edina alijiziba mdomo. Fundi muziki alipanda ngazi akinung'unika kwamba alifunga vizuri, akafika juu, akaacha kunung'unika. Kamba ya manila iliyoishikilia spika ilikuwa imelika mpaka zikabaki nyuzi chache. Waliishusha spika kwa mikono, taratibu, wakaiweka kwenye nyasi.

Hakuna kilichoanguka. Wageni wakarudi kukaa, hotuba ikaendelea, wali ukapakuliwa. Nilipomtazama mama mkwe kumshukuru, alikuwa ameuvuta mtandio usoni, ameinama, ametulia, kwa adabu zake zote.